Jandad, Mwanika Mawe wa Wadesh

Jandad alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu wa kijiji chetu cha Wadesh angeanza na hilo, na kwa sababu yote ninayosimulia hapa yalitokana na woga: wake, wa jirani zake, na wa watu wenye bunduki ambao huwadhanii kama nao huogopa. Huku kwetu Nuristan mwanamume husamehewa uvivu. Husamehewa ulafi, hata kuiba mbuzi wa bonde la pili. Lakini akisikia mlipuko akajificha nyuma ya mkewe, atasimuliwa kwa hilo mpaka wajukuu wake waone haya.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alichimba, kama sisi wote tuliokosa mifugo ya kutosha, katika mashimo yaliyo juu ya msitu wa misonobari, kule ambako mwamba mweupe una ulanga unaong'aa kama magamba ya samaki. Mwaka mmoja, theluji ilipoanza kuyeyuka, paa la shimo lilishuka. Wenzake walikufa palepale. Yeye alibaki katika uwazi usiomtosha hata kugeuka, akisikia sururu za waliokuwa wakimtafuta zikienda kombo, zikirudi, zikienda kombo tena. Walipomtoa hakuwa na jeraha la maana. Ila tangu hapo hakuweza kuingia hata zizi la mbuzi bila kuweka jiwe mlangoni ili usijifunge. Alilala kizingitini, wakati wa theluji pia, na mkewe Bakhtawara alikuwa akiwalalamikia majirani: "Ndugu yenu huyo! Theluji inaingia mpaka kwenye blanketi langu, ati anataka kuona nyota."

Basi akawa mwanika mawe.

Jiwe letu, lile ambalo wafanyabiashara wa Peshawar huliita kunzaiti, watu hudhani hutoka ardhini likiwa na rangi ya waridi. Mengine hutoka hivyo, ndiyo. Lakini yale ya ndani kabisa hutoka na rangi ya ajabu, zambarau iliyochanganyika na kijani, kama shingo ya njiwa. Ukiliweka juani, ule ukijani huondoka polepole, na waridi hubaki peke yake. Tatizo ni kwamba jua halijui kuacha. Ukilisahau jiwe huko, waridi nayo huondoka, na unabaki na kitu kama kipande cha dirisha. Sisi hatukuwa na moto wala dawa ya kuirudisha rangi hiyo. Ikienda imekwenda.

Mapaa yetu ni bapa, na majira ya matunda mapaa ni ya wanawake. Wao ndio hulima, wao ndio hubeba mavuno kwa makapu ya mgongoni, na wao ndio huanika matunda ya forosadi na kokwa za jozi. Mwanamume ana mbuzi wake na jibini lake. Paa si mahali pake. Kwa hiyo Jandad alipokaa kule juu kutwa nzima katikati ya shangazi na shemeji zake, akigeuza mawe huku wao wakigeuza matunda, watu walipata cha kusema.

"Jandad, dada yetu, forosadi zako zimeiva?"

"Njoo uonje moja. Meno utayaacha hapahapa juu, niyaanike nayo."

Alijua kujibu. Woga haukumzibia mdomo.

Mimi nilikuwa nikinunua mawe kwa wachimbaji na kuyavusha mlima kwa nyumbu hadi Peshawar, na yote yenye ukijani nilimpelekea yeye. Watu waliniuliza kwa nini simpi mtu jasiri. Jibu ni rahisi. Mtu jasiri huliacha jiwe juani kidogo zaidi kwa sababu anajiamini. Jandad alikuwa halioni jua bila kulishuku. Hakuliamini jiwe, hakujiamini yeye, na mimi hakuniamini kabisa. Kila asubuhi aliliingiza jiwe kwenye kivuli cha mlango, akalilaza juu ya ngozi nyeupe ya kondoo, akalitazama kwa upande wa kichwa. Maana jiwe hili ukilitazama ubavuni ni hafifu. Ukilitazama kwa kichwa, kufuata urefu wake, rangi yote hukusanyika kama chai chini ya birika. Mnunuzi mjinga hutazama ubavu, na mimi nimekula mkate wangu kwa wajinga hao. Jandad alitazama kichwa, akatikisa chake, akalirudisha juani juu ya majani makavu, kamwe si juu ya bamba la mwamba linaloshika moto.

Sababu ya majani nayo naieleza, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Jiwe hili ni gumu. Litakwaruza kioo na kisu chako vyote viwili. Lakini ndani lina njia, kama kuni ya msonobari. Ligonge pasipofaa, au limwagie maji baridi likiwa na joto, litapasuka kwa urefu wake, na nyuso za mpasuko zitakuwa laini kama zimepigwa msasa. Ndiyo maana mafundi wa kuchonga vito hulilaani. Ndiyo maana pia namwambia kila anunuaye la kuvaa asilifanye pete ya kufulia nguo na kukandia unga. Alifanye kidani, alivae jioni, mchana alifungie sandukuni. Yaliyovunjika na yasiyo na rangi tuliyatupa nje ya shimo. Siku hizi naambiwa kuna wanaoyatafuta kwa ajili ya lithiamu ya betri, na mimi nimeyakanyaga miaka yote hiyo nikipanda na kushuka.

Sasa, miaka ile ya vita na ndege za mabomu, njia ya juu ya mlima ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeitwa Kamanda Ghairat. Hakuwa wa kijiji chetu. Kiangazi kimoja alishuka Wadesh na watu wake, akaketi kwenye kizingiti cha Jandad, palepale ambapo Jandad hulala, akafungua kilemba kilichokuwa kimeviringishwa. Ndani mlikuwa na jiwe refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, zima, kichwa chake kimechongoka vizuri, bila hata mchubuko. Rangi yake ilikuwa ya shingo ya njiwa. Nilikuwapo, nikinywa chai. Kikombe kilinigandia mkononi. Sijaona jiwe kama lile kabla wala baadaye.

"Nasikia wewe ndiye unayeyaivisha," Ghairat alisema.

"Wanasema hivyo, Kamanda," Jandad akajibu. Alikuwa amesimama nje, tayari kukimbia, ingawa hakukuwa na pa kukimbilia. "Lakini kuna mafundi wazuri zaidi huko Peshawar..."

"Nimesema Peshawar? Sikiliza. Mimi na Haji Turab wa ng'ambo ya mlima tumeuana vya kutosha. Siku ya Idi tunakutana, tunapeana mikono. Ameniomba kitu kimoja tu cha kuthibitisha kwamba namheshimu: jiwe la waridi, zima, lenye kichwa chake. Zima, umesikia? Nikimpelekea kitu cha kijani atadhani namcheka. Nikimpelekea kilichovunjika atadhani namtukana."

"Na likipauka, Kamanda? Jua wakati mwingine..."

"Kwani una mdogo wako mmoja, sivyo?"

Sarwar, mdogo wake, alikuwa ukutani akikamua mbuzi, mtu mzima mwenye mabega, mcheshi, asiyefanana na kakaye kwa lolote. Alinyanyua uso.

"Atakaa nami kule juu mpaka Idi," Ghairat alisema. "Nina mbuzi wengi na wachungaji wavivu. Jiwe likirudi zima na waridi, naye atarudi mzima na mwekundu. Likirudi vingine, naye atarudi vinginevyo."

Sarwar alijifuta mikono kwenye suruali. "Basi nitakula nyama ya Kamanda mpaka Idi," alimwambia kakaye. "Usifanye haraka, ndugu yangu."

Wenye bunduki walicheka. Jandad alicheka nao, kile kicheko cha mtu anayetapika, na walipoondoka na Sarwar alikaa chini akashika jiwe kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika mtoto juu ya daraja.

Tangu siku hiyo hakula vizuri. Aliliweka jiwe juani, akaliondoa, akaliweka. Wingu likipita aliapiza. Jua likichoma aliapiza zaidi. Alitengeneza kifuniko cha sufi nzito na kukishika mkononi saa zote, ili likifikia rangi yake alifunike papo hapo. Bakhtawara, aliyekuwa akitandaza forosadi pembeni, alimwambia:

"Unalitazama kama maziwa yaliyo karibu kuchemka."

"Maziwa yakimwagika unakamua mengine, mama."

"Na wewe ukianguka kwa njaa hapa juu, nitakamua nani?"

Lakini lilikuwa likienda vizuri. Nilipanda kulitazama, ngazi ikilia chini yangu na shangazi zake wakinizomea kwa kuingilia mahali pao. Kijani kilikwisha. Ubavuni lilikuwa kama maji yaliyodondoshewa tone la juisi ya komamanga. Kwa kichwa lilikuwa waridi nzito, ya kukufanya umeze mate. Niliwaza bei, siwezi kusema uongo, kisha nikamkumbuka Sarwar nikaacha kuwaza.

"Litoe," nilimwambia. "Limetosha."

"Bado kuna kivuli kidogo cha kijani mkiani. Alasiri hii moja tu, halafu nalifunika."

Alikuwa sahihi, kivuli kilikuwapo. Mtu mwingine asingekiona.

Adhuhuri hiyo ndege ilikuja.

Hapa lazima niseme desturi tuliyokuwa nayo. Watu wa Wadesh waliamini, na hakuna aliyewahi kupanda juu kuwauliza, kwamba marubani hulenga kinachometa. Vijiji viwili vya chini vilipigwa, na katika vyote viwili, watu walisema, mtu alikuwa ameacha sufuria juani. Kwa hiyo sufuria zetu zilipakwa samadi kwa nje. Vioo viling'olewa madirishani. Na juu ya kila paa kulikuwa na ndoo ya tope kutoka mfereji wa maji ya theluji, ya kumwagia chochote kinachong'aa ukisikia ngurumo. Mtoto wa Wadesh alijifunza kumwaga tope kabla ya kujifunza kuvaa viatu.

Ngurumo ilitokea nyuma ya mlima, ghafla, bila ile sauti ya mbali ya kukuonya. Mimi, niliyekwisha kushuka, nilijitupa mtaroni kifudifudi, kwa hiyo simcheki mtu. Jandad aliruka kutoka juu ya paa bila kugusa ngazi, akaingia chini ya mti wa forosadi, akajikunja kama nungunungu. Na mkononi mwake, kimeshikwa sana mpaka vidole vimekuwa vyeupe, alikuwa na kile kifuniko cha sufi.

Jiwe lilibaki juani, wazi, likimeta.

Aliyebaki juu ya paa ni shangazi yake Gulmakai, mwanamke mzee asiyeweza kushuka ngazi haraka. Aliona ndege ikiinama. Aliona kile kitu cha waridi kinatupa mwanga kila upande kama kioo cha bibi harusi. Akafanya kile tulichomfundisha sote. Alinyanyua ndoo ya maji ya theluji na tope, akaimimina yote juu yake.

Nililisikia kutoka mtaroni, katikati ya ngurumo yote ile. Sauti ndogo, kavu. Tak.

Ndege ilipita. Haikuangusha kitu. Ilikwenda ikaangusha mzigo wake nyuma ya kilima cha pili, ambako kulikuwa na malisho matupu.

"Nimeokoa kijiji!" Gulmakai alipiga kelele kutoka juu. "Mmeona? Imeinama, nikamwaga, ikaondoka! Wanaume mko wapi?"

Jandad alipanda. Alichimba topeni kwa mikono. Alitoa nusu ya kwanza, akaiweka kando. Akatoa ya pili. Lilipasuka kwa urefu, kuanzia mkiani hadi kichwani, na nyuso za mpasuko zilikuwa laini hivi kwamba niliuona uso wake ndani ya mmoja wao. Ulikuwa uso wa mtu aliye ndani ya shimo.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna. Umefanya vizuri. Shuka ukanywe chai."

Yeye hakushuka mpaka jua lilipokwenda nyuma ya mlima. Nilikaa naye. Hatimaye nikamwambia kile ambacho mtu wa biashara yangu angesema.

"Nina gundi. Ile ya mirija miwili, mafundi wa Peshawar wanaitumia kila siku. Nyuso ni safi. Tukiziunganisha hata mimi sitauona mstari, sembuse Ghairat."

"Na Haji Turab?"

"Turab ataliweka rafuni alitazame. Halichongwi lile."

"Na akiliweka juani? Akilipasha? Akimpa fundi alisafishe?"

"Wakati huo mdogo wako yuko nyumbani."

"Na wakati huo Ghairat anajua nyumba yangu iko wapi."

Tuliliunganisha hata hivyo. Nilishika mimi, yeye akalinganisha. Mstari ulipotea. Tulilifunga kwenye sufi, na kabla ya Idi tulianza kupanda mlima, yeye mbele, mimi nyuma na nyumbu wangu. Sikwenda kwa wema. Nilikuwa na mawe yangu ya kupitisha njia ile kila mwaka, na Ghairat akikasirishwa na mwanika mawe wangu angenikasirikia na mimi. Njia nzima Jandad alisimama kila aliposikia kunguru. Penye vilima vya mawe yaliyoporomoka alishika mkia wa nyumbu kama mtoto.

Kambi ilikuwa vibanda vya wachungaji vya kiangazi. Tulimwona Sarwar kabla ya kumwona Kamanda. Alikuwa ameketi kati ya mbuzi, amekonda, jicho moja limevimba, mguu umefungwa kamba ndefu kwenye mti.

"Nilimjibu mtu vibaya," alituambia kwa mbali, akijaribu kutabasamu. "Kaka, umeleta?"

Mlinzi alitusukuma ndani ya kibanda.

Ghairat alikuwa ameketi na mtu mmoja tu, mzee mwenye bunduki ya zamani. Mbele yake palikuwa na gunia la mawe madogo ya waridi na ya kijani, kodi yake kutoka kwa wachimbaji. Aliponyoosha mikono kupokea sufi, niliitazama mikono hiyo. Nimezoea kutazama mikono ya watu, uso hudanganya. Kucha zake zilikuwa zimeng'atwa mpaka kwenye nyama.

"Kamanda," Jandad alisema. "Usilifungue bado."

Niliona mbingu inaniangukia. Nilimkanyaga mguu. Hakuuondoa.

"Lilipasuka. Tumeligandisha kwa gundi. Liko vipande viwili."

Nje mbuzi walikuwa wakilia.

"Nani alilipasua?"

"Mimi. Ndege ilikuja, nikalimwagia maji ya theluji."

Ghairat alicheka bila furaha. "Wewe? Ndege ilikuja, na wewe ulikuwa juu ya paa na ndoo? Bonde zima linajua uko wapi ndege ikija."

"Nilikuwa juu ya paa," Jandad alisema. "Mimi ndiye niliyemwaga."

Ghairat alinigeukia. "Kweli?"

"Nilikuwa mtaroni, Kamanda, uso kwenye tope. Sikuona kitu."

Alifungua sufi, akakata gundi kwa kisu, taratibu, na jiwe likafunguka kama kitabu. Alishika nusu mkono wa kulia, nusu mkono wa kushoto. "Sasa nimpelekee Turab kitu gani? Na mdogo wako naye nimkate hivihivi, kwa urefu?"

Jandad alikaa chini. Alianza kusema, haraka, maneno yakigongana: nichukue mimi, mwache yeye, nitachunga mbuzi, nitaingia shimoni kukutafutia lingine. Aliposema shimoni jasho lilimtoka uso mzima, na nilijua angeingia kweli, na angefia humo kwa hofu tu kabla mwamba haujashuka.

Niliitazama tena mikono ya Ghairat. Ndipo nikaelewa alichokuwa anakiogopa. Huyu mtu alikuwa anakwenda kumpa mkono adui, bila shahidi, juu ya mlima, na kurudi akitegemea neno lake. Hakuogopa kutukana mtu. Aliogopa kudanganywa.

"Kamanda," nilisema, "Turab akikupa mkono, siku ya pili anakuletea mtu anayesema ametumwa na Turab, njoo mahali fulani. Utajuaje kwamba kweli katumwa naye?"

"Hilo linakuhusu nini?"

"Hebu ziunganishe hizo nusu. Sasa igeuze moja, chini juu. Inakubali?"

Aligeuza. Haikukubali. Jiwe hili lina mistari mirefu ubavuni, kama nyuzi za kitambaa, na mistari ilikatika, kila mmoja ukaenda kwake. Aliigeuza tena ikakaa, mistari ikapita kutoka nusu hii hadi nusu ile bila kuyumba.

"Chukua lolote humo guniani ujaribu kulioanisha na nusu hiyo."

Alijaribu. Alijaribu mawe mengi, mzee naye akainama kusaidia, wakisahau kabisa kwamba tupo. Hakuna lililokubali.

"Hilo si jiwe lililovunjika," nilisema. "Hiyo ni alama. Mpe nusu moja, baki na moja. Mtu wake akija bila nusu yake, mpige risasi. Wako akienda bila yako, Turab naye afanye hivyohivyo. Hakuna fundi duniani atakayewatengenezea ya tatu. Zima angeliweka rafuni akalisahau. Hili hatalisahau."

Mzee alimnong'oneza jambo. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu, kwa sababu nilijua kwamba nimeuza kitu ambacho hata mimi sikukijua bei yake, na mnunuzi bado hajasema ndiyo.

Ndipo Jandad, pale chini, alipoharibu tena. Au ndivyo nilivyodhani.

"Msiziweke juani," alisema. "Tafadhali. Zitapauka. Moja ikikaa kwenye mwanga na nyingine gizani, hazitafanana, mtadhani mmoja wenu kabadilisha, na mtarudi kwangu. Ziwekwe kwenye sufi, sandukuni. Zote mbili. Mwambieni na yeye. Msinirudie mimi."

Ghairat alizipima nusu mikononi.

"Kwa hiyo nusu yake ikipauka," alisema polepole, "nitajua amekuwa akiitoa sandukuni kuwaonyesha watu."

"Ndiyo, Kamanda. Au dirishani. Au..."

"Inatosha." Alifunga nusu zote mbili katika sufi ileile. "Nenda kamfungue mdogo wako, kabla sijaamua kwamba unanifaa hapa."

Jandad hakuweza kuifungua ile kamba, vidole vilikataa. Sarwar aliifungua mwenyewe, akimtukana kwa upole wakati wote. Hatukuaga. Tulishuka kwa mwendo wa watu ambao hawataki kuonekana wakikimbia, na hakuna aliyegeuka nyuma mpaka kambi ilipofichwa na mwamba.

Mtoni, penye daraja la gogo moja, Jandad alisimama. Wakati wa kupanda alikuwa amelivuka bila kulitazama, sasa alilitazama. Alikaa kwenye ukingo, akasema twende tu, atatufuata kesho. Maji ya theluji yalikuwa yakipiga kelele chini yake.

Sarwar alirudi kutoka katikati ya gogo, akichechemea, jicho moja limefumba. Alimpa mgongo, akachuchumaa.

"Panda."

"Una mguu mbaya."

"Nina mguu mbaya na njaa, na nikifika nyumbani bila wewe Bakhtawara atanirudisha kwa Ghairat. Panda, kaka. Fumba macho."

Jandad alipanda, akamshika shingo mpaka Sarwar akakohoa. Walivuka hivyo, mimi nyuma nikimvuta nyumbu aliyekuwa akigoma.

"Usiwaambie watu," Jandad alisema, macho bado yamefumbwa, walipofika ng'ambo.

"Nitawaambia wote," Sarwar akajibu, na hakumshusha.